Waraka kwa mafundi wenzangu wa Sigino: treni tuichonge wenyewe, kwa kipimo kimoja

Kwa: Wanachama wote, kikundi cha mafundi seremala, Sigino
Kutoka kwa: Katibu
Yah: Hoja ya kuacha kuchonga treni na kununua za plastiki

Ndugu wanachama,

 

Kikao chetu cha mwisho kilivunjika giza likiingia, hoja ikabaki bila kuamuliwa. Nairudia hapa kama ilivyosemwa, ili asiwepo wa kudai nimeipindua. Fedha tulizochanga mwaka mzima zipelekwe Kariakoo zikanunue makatoni ya treni za plastiki zilizotoka China. Tuziuze mjini Babati na kwenye minada. Kazi ya kuchonga treni za mbao tuiache, turudi kwenye vitanda, milango na madawati tuliyoyazoea. Aliyeitoa ni fundi ninayemheshimu, ndiye aliyenishikisha randa kwa mara ya kwanza. Nampinga kwa adabu zote. Nimeona niandike, kila mmoja asome nyumbani kwake kwa utulivu kabla hatujakutana Jumamosi.

Nianze na kilichotuumiza. Desemba tulipata oda ya shule moja ya awali hapa mjini: treni mbili za mbao, kila moja na kichwa na mabehewa matatu, pamoja na reli za kuunganisha za kutosha kuzunguka chumba. Tukagawana kazi. Reli zilichongwa karakana ya juu, vichwa karakana ya barabarani, mabehewa yakaenda kwa mafundi watatu. Kila mmoja alifanya kazi nzuri. Mbao za grevilia ziling'aa, kingo zilipigwa msasa hata mtoto mchanga asingechubuka. Nilikuwepo siku ya kukabidhi. Watoto walikaa sakafuni wamezunguka, mikono magotini. Mwalimu akaweka kichwa juu ya reli, kikakaa. Behewa la kwanza likakaa. La pili likapanda reli upande mmoja, kama mbuzi aliyekwama kwenye ua. La tatu likadumbukia katikati. Kulabu za fundi huyu zilikuwa juu, za yule chini. Mwalimu hakutugombeza. Alituomba tuzichukue tukazirekebishe, akamalizia kwamba tukichelewa atanunua za dukani. Tangu siku ile mzigo wote uko kwenye gunia karakanani, na naamini ndio uliozaa hoja ya Kariakoo.

Wiki iliyopita nimelifungua lile gunia nikapima kila kipande. Reli zetu zina nafasi ya milimita 47 mahali pamoja na 43 mahali pengine. Kwenye magurudumu ndipo nilipopata jibu. Fundi mmoja alipima kutoka ukingo wa nje wa gurudumu hadi ukingo wa nje wa mwenzake. Wa pili alipima ndani kwa ndani. Wa tatu alipima katikati kwa katikati. Wote watatu walikuwa wameambiwa "sentimita nne na nusu", na wote watatu walitii. Mimi ndiye niliyewaambia, na sikusema zipimwe kutoka wapi hadi wapi. Kosa hilo ni la ofisi ya katibu, nalikiri mbele yenu, na mbao za Sigino zisibebeshwe lawama yake.

Nchi yetu inaujua ugonjwa huu kwa kiwango kikubwa zaidi. Reli waliyoianza Wajerumani, ile ya Tanga na ile ya Kati, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina pamoja nasi na Wazambia kati ya 1970 na 1975, ina milimita 1,067, kwa sababu ilipaswa kuoana na reli za kusini mwa Afrika. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Pale Kidatu, mkoani Morogoro, reli ya mita moja na reli ya TAZARA zinakutana uso kwa uso, lakini behewa la moja haliwezi kuingia kwenye nyingine. Mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Sisi Desemba tuliipelekea shule ile Kidatu ndani ya boksi.

Sasa tuitazame hiyo ng'ambo tunayotaka kuikimbilia, maana treni za kuchezea zina historia ndefu ya kuhama nchi, na waliohama kabla yetu wameacha nyayo za kusoma.

Frank Hornby wa Liverpool, aliyesajili uvumbuzi wake wa Meccano mwaka 1901, alianza kuuza treni mwaka 1920. Baadaye treni zenye jina lake zikawa zinatengenezwa Margate, mji wa pwani ya Uingereza. Miaka ya 1990 kampuni ilihamishia uzalishaji China, kwa sababu ambayo kila fundi anaielewa bila kuelezwa: kupaka rangi dirisha dogo kuliko ukucha ni kazi ya mkono na ya muda, na muda wa mkono wa Mchina ulikuwa wa bei ya chini. Mwanzoni walifaidi. Treni zikawa na urembo ambao Margate isingeumudu kwa bei ile. Lakini mafundi wa zamani wakatawanyika, na karibu mwaka 2012, shehena zilipoanza kuchelewa kutoka kwa mtengenezaji wao mkuu, kampuni haikuwa tena na kiwanda chake cha kukimbilia. Jina lilikuwa lao, kazi ilikuwa ya mwingine, na mteja aliyekuwa akingoja dukani alimlaumu mwenye jina.

Wamarekani nao walijaribu kwa njia yao. Treni za Lionel zilianza New York mwaka 1900. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 utengenezaji ulihamishiwa Tijuana, Mexico. Oda zikachelewa, ubora ukalalamikiwa, na baada ya muda mfupi wakarudi Michigan. Hawakukaa milele: mwaka 2001 walifunga utengenezaji wa nyumbani na kuupeleka Asia. Nayataja yote mawili, kurudi na kuondoka tena, kwa kuwa sitaki mwanachama yeyote adhani nimechagua hadithi inayonifaa tu. Kuna pia Märklin wa Göppingen, Ujerumani, kampuni iliyoanza mwaka 1859 na kushikilia kiwanda chake cha nyumbani. Februari 2009 ilifilisika. Ilinusurika kwa shida, ikapata wenye mali wapya, na hadi leo inatengeneza Göppingen na Győr, nchini Hungaria. Kwa hiyo kutengeneza nyumbani peke yake hakujamkinga mtu na hasara. Fundi wa nyumbani akichonga vibaya, au akiwa na hesabu mbovu, anaanguka akiwa kwao.

Ila kuna jambo moja la mwaka 2007 ambalo naomba kila mzazi katika kikundi hiki alisome mara mbili. Juni mwaka ule, nchini Marekani, kampuni ya RC2 iliwaita wateja warudishe treni za mbao za Thomas, zile zenye nyuso, karibu vipande milioni 1.5. Zilikuwa za mbao safi, zimechongwa vizuri, zinaoana barabara. Zilitengenezwa China, na rangi yake ilikuwa na madini ya risasi. Mtoto wa miaka miwili akipewa treni huipeleka wapi? Mdomoni. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto huumiza ubongo unaokua, na dalili hazionekani siku ile wala wiki ile. Wauzaji wale hawakuwa wamekusudia ubaya. Walikuwa mbali na kopo la rangi. Sisi tukinunua katoni Kariakoo tutakuwa mbali na kopo hilo kuliko wao, maana hata jina la kiwanda hatutalijua, na mama wa Sigino atakayekuja kuuliza "hii imepakwa nini?" tutamjibu nini?

Nisieleweke kwamba nawachukia Wachina. Wazee mnalikumbuka jembe la kiwanda cha UFI, lililofuliwa Ubungo. Kiwanda kile kilijengwa kwa msaada wa China, na TAZARA niliyoitaja ni jasho lao na letu. Wakati ule walitusaidia kuwa na mahali pa kufulia jembe. Hoja iliyo mbele yetu inataka tufunge mahali pa kuchongea. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Nimeambiwa pia kwamba watoto wa siku hizi hawataki mbao. Mimi nimefanya utafiti mdogo wa kukaa barazani na kusikiliza. Reli haijafika Babati. Kituo cha karibu ni Arusha, ambako treni ya abiria ilirudi Oktoba 2020 baada ya miaka kama 30 ya kimya. Watoto wetu wengi treni wanaijua kwa televisheni na simu za wazazi. Na treni wanayoitaja kwa jina ni moja: Mchongoko. Ile ya SGR yenye pua ndefu, iliyoundwa Korea Kusini na Hyundai Rotem. Mtoto wa jirani yangu ameifinyanga kwa udongo, pua yake kaichonga kwa kijiti, magurudumu kaweka vipande vya kandambili. Nimezunguka maduka ya vitu vya watoto hapa mjini. Nimeona treni za plastiki zenye bomba la moshi, za Kizungu, zenye maandishi ya Kichina na Kiingereza. Mchongoko sijaiona. Chenghai, kule Guangdong, wanakotengeneza vitu vya watoto vya dunia nzima, mtu hawezi kupanga mashine kwa ajili ya soko la Babati. Sisi tunaweza, tena kwa mabaki ya mbao za vitanda ambayo sasa yanaishia jikoni.

Nimewahi kusoma jambo lililonikaa moyoni. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliunda vichwa 34 vya mvuke kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, mashine kubwa kuliko zote zilizowahi kutembea juu ya reli ya mita moja. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa huku kwetu. Kimojawapo kiliitwa Mount Hanang. Mlima wa mkoa wetu wa Manyara uliandikwa ubavuni mwa chuma kilichofuliwa Uingereza, kikavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na wengi wetu tumezaliwa na kuzeeka bila kuambiwa. Manchester walithubutu kuandika jina letu kwenye kazi yao. Sisi hatujaandika hata neno "Sigino" chini ya behewa la kazi yetu wenyewe.

Sasa nije kwenye kipimo, ambacho ndicho kiini cha waraka huu. Napendekeza milimita 45, na kuanzia leo ifahamike hivi: ni nafasi kati ya reli na reli, ukipima ndani kwa ndani. Namba hii sikuiokota. Chukueni kalamu. Upana wa SGR, 1,435, ugawanye kwa 32. Unapata karibu 45. Upana wa reli ya zamani, ile inayokwenda Arusha, 1,000, ugawanye kwa 22 na nusu. Unapata 44 na kitu. Upana wa TAZARA, 1,067, ugawanye kwa 24. Unapata 44 na nusu. Zote tatu zinagota pale pale. Maana yake tukichonga Mchongoko kwa kuipunguza mara 32, treni ya Arusha kwa kuipunguza mara 22 na nusu, na ya TAZARA mara 24, zote zitapita juu ya reli moja ya mbao, sakafuni kwa mtoto mmoja. Jambo ambalo nchi haijaliweza Kidatu, karakana ya Sigino inaliweza.

Na kuna faida nyingine. Milimita 45 ni kipimo ambacho wapenzi wa treni ndogo duniani wanakitumia kwa treni za bustanini. Wajerumani wa Nuremberg walitoa treni zao za LGB kwa upana huo mwaka 1968. Mgeni anayepita barabara ya Arusha na Dodoma akinunua behewa letu, akifika kwao litapita kwenye reli aliyonayo. Tukizingatia kipimo tu, hata anayekusanya treni za bei kubwa hatakuwa na sababu ya kulicheka.

Urefu tusiufuate kwa hesabu hiyo. Behewa la mita 25 likipunguzwa mara 32 linabaki na sentimita 78, na mtoto wa chekechea hawezi kulibeba. Tulifupishe liwe sentimita 24, upana sentimita 9, na kulabu ikae milimita 20 juu ya reli kwa kila behewa bila ubishi.

Magurudumu ndiyo yaliyotutesa zaidi. Tumekuwa tukiyachonga kwa msumeno na tupa, kisha tunatoboa tundu kwa kukisia. Tundu halikai katikati, gurudumu linachechemea. Kijana wetu mmoja amegundua kitu kilichokuwa miguuni petu siku zote. Kile kipekecho cha mviringo tunachotobolea milango kuweka vitasa hutoa kipande cha duara ambacho sisi tunakitupa. Kiokoteni mkitazame. Ni duara kamili, na tundu limekwishakaa katikati kabisa, kwa sababu ncha ya kipekecho hutangulia. Kila mlango tuliouweka kitasa mwaka huu ulitupa gurudumu bure, tukalifagia pamoja na maranda. Kuanzia sasa vipande hivyo vikusanywe.

Kuhusu rangi, baada ya niliyoyasema ya mwaka 2007, msimamo wangu ni mkali. Sehemu yoyote ya treni isipakwe rangi ambayo kopo lake halijaandikwa wazi kwamba haina risasi. Na kama hatuna kopo la namna hiyo, tusipake kabisa. Tuna nta ya nyuki na mafuta ya alizeti hapa hapa Babati. Nta ikiyeyushwa ndani ya mafuta kwa moto mdogo, ikapakwa kwa kitambaa na kuachwa usiku kucha, grevilia inatoa mistari yake mizuri na mtoto akilamba hadhuriki. Nimejaribu kwenye behewa moja, liko mezani kwangu, njooni mlishike.

Bei yetu itakuwa kubwa kuliko ya plastiki. Nasema mapema ili asishtuke mtu. Treni ya plastiki kutoka kwenye katoni inauzwa pungufu ya nusu ya bei tutakayoitaka, na hatutaishinda kwa bei hata tukichonga usiku. Lakini mwalimu wa ile shule hakututafuta kwa sababu ya bei. Alitutafuta kwa sababu za plastiki alizokuwa nazo zilivunjika kulabu kabla ya muhula kwisha, na hakuna aliyeweza kuzitengeneza. Behewa letu likivunjika kulabu, mtoto analeta karakanani asubuhi, jioni analichukua. Shule za awali, makanisa na misikiti yenye madarasa ya watoto, wazazi wanaotafuta zawadi ambayo mtoto atamrithisha mdogo wake, hao ndio wateja wetu. Ni wachache kuliko wa mnadani, na watatosha kwa kikundi cha mafundi kumi na wanne. Tukikwama kwenye mashine au vibali, SIDO, shirika la viwanda vidogo, iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna yetu. Twende tukawaulize badala ya kukaa tukisema hatusaidiwi.

Kwa mwanachama anayeona fedha za mfuko zikilala, namwelewa. Naomba zitumike hivi: sehemu moja inunue vipekecho viwili vya mviringo vya saizi moja, ili magurudumu ya karakana zote yalingane, sehemu nyingine inunue mbao zilizokauka vizuri, kwa kuwa mbao mbichi hupinda na kipimo hupinda nazo, inayobaki ikae. Hakuna shilingi ya kwenda Kariakoo.

Pamoja na waraka huu kila mmoja wenu anapokea kipande cha chuma bapa nilichokichongesha. Upana wake ni milimita 45, na vyote kumi na vinne vimekatwa kutoka bamba moja la chuma na kupigwa tupa vikiwa vimebanwa pamoja kwenye jiriwa moja. Hicho ndicho kipimo. Futi za mfukoni tuziache kwa vitanda. Ukichonga reli, kipande kipite kati ya reli mbili bila kulegea wala kulazimishwa. Ukifunga magurudumu, tumia alama ya mkwaruzo iliyo upande mmoja wa kipande hicho.

Jumamosi saa tatu asubuhi kila fundi aje na behewa moja, halijapakwa kitu. Wenye kazi za watu wasizisimamishe. Behewa moja ni kazi ya jioni mbili. Tutaliweka kila moja juu ya reli, tutaliunga na la jirani, na lisilopita litarekebishwa pale pale kabla ya kura kupigwa. Nimeongea na mwalimu wa shule ile. Amesema anaweza kungoja hadi Jumatatu.

Reli ya majaribio, mita nne, iko tayari kwenye karakana ya juu.

Katibu,
Sigino, Babati